Kusoma huanzia masikioni: mwongozo kwa wazazi na walezi wa Dodoma wenye watoto wa miaka 3 hadi 6

Mtoto huingia darasa la awali akiwa na miaka 5 na darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Kabla ya hapo wazazi wengi hushikwa na haraka. Wanamnunulia daftari akiwa na miaka 3, wanamshikisha penseli, wanamwimbisha "a, be, che, de" mpaka aitoe yote bila kukosea. Halafu anafika shuleni na neno "kuku" linamshinda. Akili yake haina kasoro yoyote. Hakuna aliyemwonyesha kwamba "kuku" ni ku na ku, na kwamba ku ni sauti mbili zilizoungana.

Kiswahili kinaturahisishia kazi. Irabu ni tano tu, karibu kila herufi ina sauti moja isiyobadilika, na silabi karibu zote huishia na irabu. Mtoto akishajua kuunganisha, anasoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni maneno na masikio kwanza, herufi baadaye, penseli mwisho. Muda unaotosha ni dakika 10 hadi 15 kwa siku, na nyingi kati ya hizo hupatikana ukiwa unafanya kazi zako za kawaida. Mtoto akianza kupiga miayo au kuvuta vuta nguo yako, acheni hapo.

Maneno kabla ya herufi (kuanzia miaka 3, au hata mapema)

Mtoto hawezi kusoma neno asilolijua akaelewa alichosoma. Jiko la nyumba ya Dodoma lina maneno mengi kuliko bango la herufi lililobandikwa ukutani: ungo, kinu, mchi, mwiko, kipekecho, chungu, mafiga, pumba, chenga, punje. Vitenzi vyake ndivyo vyenye utajiri zaidi, kwa sababu kupepeta, kuchambua, kukoboa, kutwanga, kusaga na kusonga ni mambo tofauti, na mtoto anayaona yote kwa macho yake.

Chukua mfano wa kupepeta mtama. Mkalishe upande ambao upepo hautampelekea vumbi machoni, kisha fuata mtiririko huu:

1. Taja kitu na kitendo kwa sentensi nzima: "Napepeta mtama kwa ungo."
2. Akisema neno moja, lirudishe likiwa limeongezeka. Yeye: "Pumba!" Wewe: "Ndiyo, pumba nyepesi zinapeperuka."
3. Uliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana: "Kwa nini punje zinabaki kwenye ungo?"
4. Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka 5 kabla hujasema tena. Hapa ndipo watu wazima wengi hushindwa; wanauliza na kujijibu wenyewe.
5. Akijibu vibaya, usimcheke. Sema jibu sahihi ndani ya sentensi yako na kazi iendelee.

Jioni mwambie amsimulie baba, bibi au kaka yake mlichofanya, kwa mpangilio: kwanza, halafu, mwisho. Mtoto anayeweza kusimulia mambo matatu kwa mfuatano ameshaanza kujifunza namna hadithi inavyojengwa, na huko mbele atakumbuka vizuri zaidi anachosoma.

Kuhusu lugha ya nyumbani: bibi akizungumza Kigogo, au Kirangi kwa familia za Kondoa, au Kisandawe kwa wa Chemba, aachwe aendelee. Kumkataza mtoto lugha ya bibi ili "Kiswahili kisiharibike" ni hasara tupu. Hadithi, majina ya vitu na mazoea ya kusikiliza hujengwa kwa lugha yoyote, na Kigogo kina silabi zilizo wazi kama za Kiswahili. "Mbukwa" inapigiwa makofi mawili, mbu-kwa, sawasawa na "mbuzi". Kitu kimoja cha kuzingatia ni kwamba mkifika kwenye herufi, lazima awe analifahamu neno la Kiswahili mnalolisoma. Likiwa geni, lifundisheni kwanza kwa mdomo.

Michezo ya masikio (miaka 4 hadi 5)

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote. Haihitaji karatasi wala mwanga, kwa hiyo inafaa njiani kwenda kisimani, shambani wakati wa kuamia ndege, au usiku umeme ukikatika.

*Kupiga makofi kwa silabi.* Anza na majina ya watu wa nyumbani. Ju-ma, makofi mawili. Ma-ze-ngo, matatu. Ne-e-ma ni matatu pia, ingawa watu wazima wengi hupiga mawili. Irabu mbili zikifuatana, kila moja ina kofi lake: ta-a, ndo-o, u-a. Baada ya majina njooni kwenye vitu: u-ga-li, u-we-le, za-bi-bu, ka-ra-nga.

Panapowatatiza wengi ni kwenye m na n zinazotangulia neno. Kanuni ya kutumia nyumbani ni hii: sikiliza kama m inasimama peke yake au imemezwa na herufi inayofuata. M-tu, m-ti, m-ka-te na m-ku-li-ma zina m inayojitegemea, ipewe kofi. Mbu-zi, ndi-zi, ngo-ma na nja-a, hapana, sauti hizo zimeungana. Maneno mafupi sana kama m-bwa, n-chi na n-ne hurudi kwenye makofi mawili. Ng'ombe ni ng'o-mbe. Usimweleze mtoto kanuni hii. Piga makofi sahihi, naye atakufuata. Mkianza kwa makosa ya "mu-tu" na "mu-ti", baadaye ataandika "mutu" na "muti", na mwalimu wa darasa la kwanza atahangaika kuifuta u hiyo.

*Sauti ya kwanza.* "Naona kitu uani kinachoanza na mmm." Mtoto anatafuta: mbuzi, mti, mchanga, mama. Vuta sauti, usitaje jina la herufi. Sauti za m, s, n, l na f huvutika kirahisi. K, t, p na b hazivutiki, kwa hiyo ziache mpaka zile za mwanzo ziwe zimezoeleka. Akishaimudu sauti ya kwanza, ongeza ugumu: neno gani halimo kati ya mama, mti, sufuria na mlango?

*Kuunganisha.* Sema "niletee ki… ti", kisha subiri. Akileta kiti, jaribu silabi tatu: "su… ka… ri". Baadaye kata kabisa kwenye sauti: "mmm… aaa?" Jibu ni "ma". Mtoto anayeweza hili kwa masikio tu atajifunza herufi haraka. Asiyeweza bado, rudini kwenye makofi wiki mbili zaidi bila kumkaripia.

Vitendawili navyo vina mchango wake, kwa sababu humlazimisha mtoto kubaki na maneno kichwani huku akiyatafutia maana. "Nyumba yangu haina mlango" (yai) na "Kuku wangu katagia mibani" (nanasi) ni vyepesi kwa miaka 5. Mwachie naye atege. Vyake havitakuwa na mantiki, lakini mwitikie vilevile.

Vifuniko vya herufi

Sasa herufi. Kitu kizuri tunachokijua ni vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Vizibo vya soda vya bati navyo hutumika, ila vina meno yanayokwaruza vidole, na vikikaa kwenye unyevu hushika kutu. Kusanya vifuniko 25 kwa kuanzia, vioshe kwa sabuni, vikauke kabisa. Wino haushiki kwenye kifuniko chenye mafuta.

Andika kwa maka peni, herufi ndogo, upande ulio laini:

- a: vifuniko 4
- e, i, o, u: vifuniko 3 kwa kila herufi
- m, l, k: vifuniko 3 kwa kila herufi

Juu ya kila kimoja bandika kipande cha selotepu, la sivyo wino utafutika ndani ya siku chache. Kisha fanya jambo moja ambalo wengi husahau: chora mstari chini ya kila herufi. Kifuniko ni duara. Kikigeuka, u inakuwa kama n na m inaanza kufanana na w. Baadaye b, d na p zitakuwa balaa kabisa. Mstari humwambia mtoto chini ni wapi. Na l iandike ndefu, isichanganywe na i.

Onyo la usalama: nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3, vifuniko vihesabiwe kila mchezo unapoisha na kuwekwa juu, kwenye kopo lenye mfuniko. Mtoto mdogo anaweza kupaliwa.

Kwa nini m, l na k? Kwa sababu konsonanti hizo tatu na irabu tano zinatoa silabi 15 na maneno ya maana papo hapo: mama, kaka, kuku, lala, kula, lami, mali, mkeka, mlima, kilima, kelele, kalamu, ulimi, mkulima. Mtoto anayesoma "mkulima" ndani ya mwezi wa kwanza hupata hamu ambayo kuimba alfabeti nzima hakuwezi kumpa.

Hatua za kucheza:

1. Irabu peke yake. Weka a, i na u mbele yake. Taja sauti, yeye aguse. Zikikaa sawa, ongeza e na o. E na i huchanganywa sana, ndiyo maana hatuzianzi pamoja.
2. Sauti, si jina. m ni "mmm", si "me". k ni pumzi fupi, si "ke". Mtoto aliyefundishwa "ke, a" akiambiwa aunganishe atasema "kea", na kwa masikio yake yuko sahihi kabisa. Hapa ndipo watoto wengi wanaojua alfabeti hukwama kwenye silabi.
3. Sukuma. Weka m kushoto na a kulia, zikiwa zimeachana kiganja kimoja. Mtoto aweke kidole kwenye m, atamke "mmm" huku akiisukuma taratibu mpaka igonge a. Sauti isikatike njiani. Ikigonga: "ma". Kwa k, ambayo haivutiki, anza tayari zikiwa karibu na usukume haraka.
4. Badilisha irabu. m ibaki, a iondoke, i ije. Ma, mi, mu, me, mo. Usifuate mpangilio uleule kila siku. Mtoto anayetaja ma-me-mi-mo-mu kwa wimbo anaweza kuwa hatazami herufi kabisa. Ukitaka kujua, ruka moja kwa moja kwenye "mo" umwangalie macho.
5. Jenga neno. Wewe sema "lala", yeye atafute vifuniko. Kisha geuza: wewe jenga, yeye asome.
6. Badilisha kifuniko kimoja tu. Kula, kila. Mali, meli. Kama, kima. Huu mchezo ni mdogo lakini una faida kubwa. Unamfundisha kutazama kila herufi badala ya kubahatisha kwa herufi ya kwanza.

Akizimudu, ongeza s, t na n, vifuniko vitatu vitatu. Hapo mnapata mtama, kisima, mtoto, soko, samaki, asali, nanasi. Kundi la tatu liwe b, w, j na h. Kisha p, y, z, g, f, v, r. Acha d mpaka b ikolee kabisa. Zikifundishwa wiki moja huchanganyika na kuzitenganisha huchukua muda mrefu kuliko kuzisubirisha. L na r zitenganishwe kwa mdomo kwanza: mtoto asiyesikia tofauti ya "kula" na "kura" hawezi kuiandika. Q na x hazimo kwenye maneno ya Kiswahili, na c huja ikiwa na h. Sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili au zaidi, ch, sh, ny, ng' ya ng'oa na mwenzake ng ya ngoma, th, dh, gh, ziandike kwenye kifuniko kimoja kama kitu kimoja. Hata hivyo nyingi zinaweza kungoja darasa la kwanza.

Familia zenye mtoto kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza huuliza waanze na ipi. Maoni yetu ni kwamba nyumbani aanze kusoma kwa Kiswahili. Akishaelewa kwamba herufi hubeba sauti, kwa lugha yenye tahajia iliyonyooka, atakuwa na pa kushikia atakapokutana na tahajia ya Kiingereza iliyojaa vighairi.

Mikono: mchanga, chaki, halafu penseli

Vidole vya mtoto wa miaka 3 au 4 havijakomaa kwa penseli. Kazi zinazovikomaza ziko nyumbani: kumenya karanga, kupukuchua mahindi makavu, kuchambua maharage, kufinyanga wanyama kwa udongo. Mpe bakuli dogo la karanga amenye, kwa kidole gumba na cha shahada. Ni misuli ileile itakayoshika penseli.

Kuandika kwa kidole kunaanza mchangani. Mchanga wa korongoni ni mzuri, ila ukiwa mkavu kingo za herufi zinaporomoka na upepo wa kiangazi unazifuta kabla mtoto hajamaliza. Weka mchanga kwenye sinia, unene wa sentimita 1 hivi, nyunyizia maji nusu kikombe na uchanganye mpaka ukishika alama ya kidole ibaki. Ukigandamana umezidisha maji. Unga tusingeutumia, ni chakula.

Baada ya mchanga, chaki. Vunja chaki vipande vya sentimita 2 hadi 3. Hili ni la makusudi: kipande kirefu mtoto hukikamata kwa ngumi, kifupi hakina nafasi ya ngumi na vidole vitatu hujipanga vyenyewe. Aandike sakafuni, kwenye mlango wa bati au ubao uliopakwa rangi nyeusi. Herufi ziwe kubwa, za sentimita 15 hadi 20, ili bega na kiwiko vifanye kazi.

Angalia herufi inaanzia wapi, kuliko inavyopendeza. Karibu zote zianzie juu. L na k hushuka kwanza, a huanzia kulia juu ikazunguka kwenda kushoto. Anayeanzia chini atakuwa mzito baadaye na mazoea hayo hayatoki kirahisi. Akiandika herufi kwa kugeuza kama kwenye kioo, ni kawaida kwa umri huu. Mtoto wa mashoto aachwe na mkono wake wa kushoto.

Penseli ije akiwa na miaka 5, na neno la kwanza liwe jina lake: herufi kubwa mwanzoni, ndogo zinazofuata. Kujaza ukurasa mzima wa "aaaa" hatukupendekezi. Mstari wa tatu huwa umeshaharibika na mtoto anafanya mazoezi ya kukosea.

Kitabu, hata kama hakipo

Mkoani kuna maktaba ya umma iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa wenye simu janja, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na mradi wa African Storybook una hadithi za Kiswahili za kupakua bila malipo. Pakua ukiwa na bando, soma baadaye bila intaneti.

Lakini kitabu kinachosomwa na kurudiwa zaidi ni kile mtoto alichokitunga mwenyewe. Chukua karatasi 4 za A4, zikunje katikati kwa pamoja. Unapata kurasa 16. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene na ushone kwa uzi. Jalada likatwe kwenye boksi la biskuti. Kila ukurasa mtoto achore, akwambie sentensi moja, nawe uiandike chini kwa herufi ndogo, ila zenye ukubwa wa kuonekana vizuri, kama alivyoisema: "Mbuzi amekula kanga ya mama." Usiisanifu. Akiona maneno yake mwenyewe kwenye karatasi, anaelewa maandishi ni nini.

Mnaposoma, pitisha kidole chini ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia. Simama kabla ya kufungua ukurasa: "Unadhani atafanya nini?" Mtoto anayejua kitabu kizima kwa moyo anastahili kusifiwa, ila usichukulie kwamba anasoma. Funika picha, onyesha neno lililo katikati ya sentensi, umuulize ni lipi.

Barabarani tumieni yaliyopo: HATARI kwenye nguzo za umeme, DUKA, SABUNI, CHUMVI, majina kwenye bajaji. Shida yake ni kwamba mabango huandikwa kwa herufi kubwa huku vitabu vikitumia ndogo, kwa hiyo ukifika nyumbani liandike neno lilelile kwa herufi ndogo chini ya lile la bango. Ukimtuma dukani na mkubwa wake, mpe orodha ya vitu viwili au vitatu yenye picha ndogo pembeni. Mwenye duka naye aisome kwa sauti.

Msimu wa kilimo

Kuanzia Desemba mpaka Aprili watu wengi wako mashambani na ratiba zote hufa. Usijaribu kulazimisha vifuniko. Michezo ya masikio inatosha njiani na kwenye kichanja cha kuamia ndege, na dada au kaka wa darasa la tatu anaweza kuiongoza akishaonyeshwa mara mbili. Mkirudi kwenye herufi, anzeni hatua moja nyuma ya mlipoishia.

Wakati wa kutafuta msaada

Watoto hutofautiana, na kuchelewa miezi michache si ugonjwa. Mpeleke kituo cha afya ikiwa akiwa na miaka 3 haungi maneno mawili, ikiwa watu wa nje ya familia hawamwelewi kabisa akiwa na miaka 4, au ikiwa haitikii ukimwita akiwa amekupa kisogo. Masikio yanayotoa usaha yatibiwe mapema. Mtoto asiyesikia vizuri hutamka na kuandika vibaya, na mara nyingi huitwa mtundu au mzito bure. Anayesogeza kitabu puani au kufumba jicho moja apimwe macho. Ukienda, mweleze daktari mambo mahususi: ni neno gani, sauti gani, umbali gani, tangu lini.